Aliyepekecha, Aliyechochea na Aliyefuata Mkumbo

Katika nyumba nyingi za Mbozi Mission, kama katika vijiji vingine vya nyanda za kahawa mkoani Songwe, chungu bado huinjikwa juu ya mafiga. Mpishi akiona mwali unafifia hahangaiki kutafuta kiberiti; huzisukuma kuni ndani, akakung'uta majivu, na moto ukarudi. Tendo hilo lina jina ambalo hakuna mtoto anayelitafutia kamusi: kuchochea. Kitenzi hicho hicho, kikitiwa u- mwanzoni na -zi mwishoni, huonekana katika hati za mashtaka na katika vichwa vya habari: uchochezi. Safari ya neno hilo kutoka mekoni hadi mahakamani imelibebesha mizigo ambayo haikuwa yake, na gharama ya mizigo hiyo huweza kuwa kifungo cha mtu.

Jambo hili si la wataalamu wa lugha peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Sheria nyingi zilizokuwapo ziliandikwa kwa Kiingereza, baadhi yake tangu enzi za ukoloni, na hazina budi kutafsiriwa. Kiingereza nacho kina kundi la vitenzi vinavyokaribiana juu ya kuwatia watu katika vurugu: "incite", "instigate", "provoke", "foment", "agitate", "stir up". Katika magazeti na katika tafsiri za haraka, karibu vyote huishia mahali pamoja: kuchochea. Umaskini huo si wa Kiswahili. Ni wa mazoea, kwa kuwa lugha yenyewe ina vitenzi vya kutosha, na kila kimoja kinajua mipaka yake.

Familia ya moto

Kundi la kwanza linatoka mekoni. Kuwasha ni kuleta moto mahali usipokuwapo, bila kusema kwa njia gani. Kupekecha ni kuzungusha kijiti juu ya kijiti mpaka joto lizae cheche; kwa maana hiyo hiyo, mtu huwapekecha waliokuwa wakielewana, polepole na kwa kurudiarudia, hata wakagombana. Kuchochea huhitaji moto uwepo kwanza, kwa maana hakuna achocheaye meko ya baridi. Kupalia makaa ni kuyakusanya na kuyaweka juu ya kitu. Ndiyo maana anayejiletea balaa kwa kinywa chake huambiwa amejipalia makaa.

Tofauti hizi si pambo. Anayesema kwamba fulani "amechochea chuki" anakiri, pengine bila kujua, kwamba chuki ilikuwapo tayari, hata kama ilikuwa kaa moja chini ya majivu. Anayesema kwamba fulani "amepekecha" au "amepandikiza chuki" anadai kwamba kabla ya mtu huyo watu walikuwa wakiishi kwa amani. Madai hayo mawili hayathibitishwi kwa ushahidi wa namna moja. La kwanza humlazimu msikilizaji kuuliza nani aliuacha moto ukafukuta. La pili humtaka athibitishe kwamba meko yalikuwa ya baridi. Serikali, chama au mwajiri anayepuuza swali la kwanza hupenda sana dai la pili.

Karibu na familia hii yupo kutibua. Kutibua ni kuyavuruga maji yaliyotulia hata tope la chini likapanda juu. Anayetibua hakulitengeneza tope, wala hawezi kusingizia kwamba hakujua lipo. Kitenzi hiki husahauliwa na wafasiri, ilhali ndicho kilicho karibu zaidi na "stir up" ya Kiingereza inapozungumzia uhasama wa zamani.

Familia ya watu

Kundi la pili halitazami moto bali nafasi ya mtenda kati ya watu.

Kuchokoza lina undugu na kuchokoa, kupekuapekua kwa kijiti kama mtu achokoavyo meno. Mchokozi humgusa yeye mwenyewe anayemchokoza, na hasira inayotoka humrudia yeye. Hapa watu ni wawili tu. Kuchonganisha huhitaji watatu: mmoja anapeleka maneno huku na huku, wawili wanapigana, naye aliyeyapeleka husimama kando akitazama. Kuchongea nako ni kumsema mtu vibaya kwa mwenye mamlaka ili aadhibiwe. Mchongewa huenda asijue kabisa jina la adui yake. Kufitini hukusanya mengi ya hayo, lakini uzito wake uko katika hila na siri, si katika kelele za jukwaani. Kuzua ni kutoa habari isiyo na chanzo. Uzushi unaweza kuleta fujo hata kama mzushi hakuitaka fujo, na fujo inaweza kuletwa kwa habari ya kweli tupu. Kwa hiyo mzushi si lazima awe mchochezi, wala mchochezi si lazima awe mwongo.

Mwishoni mwa safu hii wamo kushawishi na kuhamasisha. La kwanza huelekea akili au tamaa ya mtu, la pili huelekea ari yake. Yote mawili yanaweza kutumika kwa jema. Anayewahamasisha wazazi wapeleke watoto kupata chanjo hapelekwi polisi. Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa hotuba moja huitwa uhamasishaji na walioipenda na uchochezi na walioichukia. Katika habari, mwandishi anapochagua kitenzi amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kuingia mahakamani.

Sentensi zifuatazo zinaonyesha namna kila kitenzi kinavyokataa kukalia kiti cha mwenziwe:

– Alimchokoza jirani yake mpaka akapigwa. (Aliyepigwa ndiye mchokozi.)
– Aliwachonganisha ndugu hao juu ya shamba la kahawa. (Aliyechonganisha hakuguswa.)
– Alimchongea mwenzake kwa meneja. (Mwenye nguvu ndiye aliyetumiwa.)
– Alichochea mgomo. (Manung'uniko yalikuwapo, yeye aliyaongezea kuni.)
– Alizua kwamba mishahara imekatwa. (Hakuna kilichokatwa.)
– Aliwahamasisha wenzake wadai mishahara yao. (Mwandishi anaona dai ni halali.)

Vitenzi vya Kiingereza mbele ya mizani hii

Vitenzi vya Kiingereza navyo vina historia zake. "Incite" hutokana na Kilatini, kwa maana ya kukiendesha kitu kwa kasi, na hutazama mbele: kuna tendo linalotakiwa kutendeka, na mtu anasukumwa alitende. "Instigate", ambalo mzizi wake ni wa kuchoma kwa ncha kama mchungaji amchomavyo ng'ombe, hutazama nyuma: jambo limetendeka, na anatafutwa aliyelianzisha. "Provoke" maana yake ya asili ni kuita mtu atoke nje, kwa hiyo linakaa karibu na kuchokoza. "Foment" ni la ajabu zaidi, kwani lilitokana na neno la kukanda kwa kitambaa cha moto. Ubaya wake ni wa polepole, wa kupasha joto kidogo kidogo, na kwa tabia hiyo unamkaribia kupekecha kuliko kuchochea. "Agitate" ni kutikisa bila kuacha. "Stir up" ni kukoroga na kutibua.

Haiwezekani kulipa kila neno la Kiingereza neno moja la Kiswahili na kumaliza kazi. Mbozi Mission yenyewe inaijua taabu hiyo tangu zamani. Kituo hicho kilianzishwa na Wamoraviani mwaka 1899, na mmisionari Traugott Bachmann, aliyefanya kazi huko mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipomwondoa, alitumia miaka mingi kutafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Kumbukumbu za maisha yake zilitolewa kwa Kijerumani kwa jina Ich gab manchen Anstoss. Neno la mwisho la jina hilo lina nyuso mbili: ni msukumo unaolifanya jambo lianze, na pia ni kikwazo kinachomuudhi mtu. Mfasiri akiandika kwamba mzee huyo "aliwakwaza wengi", amemfanya mkosaji anayetubu. Akiandika kwamba "alisukuma mengi yaanze", amemfanya mwanzilishi anayejisifu. Jina la kitabu linasema yote mawili kwa pumzi moja, na Kiswahili hakina budi kuchagua au kutumia maneno zaidi. Katika kitabu cha kumbukumbu, uchaguzi huo huathiri sifa ya marehemu. Katika sheria huathiri uhuru wa mtu aliye hai.

Mahali ambapo neno moja ni uhai

Mfano ulio wazi zaidi hauhusu siasa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatoa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Lakini mtu akiua katika joto la hasira iliyosababishwa ghafla na tendo ovu au tusi alilotendewa, kabla hasira haijapoa, kosa lake hushuka na kuwa kuua bila kukusudia. Kiingereza cha sheria huiita hali hiyo "provocation". Sasa shahidi akisema kwa Kiswahili kwamba mshtakiwa "alichochewa", amesema nini? Je, marehemu ndiye aliyemtukana na kumghadhibisha? Au yuko mtu wa tatu aliyemnong'oneza akachukue panga? Katika hali ya kwanza mshtakiwa ana utetezi. Katika hali ya pili hana, na mashtaka yanaweza kuongezeka mtu. Kuchokozwa na kughadhibishwa ni maneno ya hali ya kwanza. Kuchochewa na kusukumwa ni ya hali ya pili. Karani anayeyachanganya ameugusa mti ambao maisha ya mtu yameegemea.

Mfano wa pili ni wa siasa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyorithi vifungu vya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, inaeleza nia ya uchochezi kuwa ni pamoja na kuifanya mamlaka halali ya nchi ichukiwe au idharauliwe, kuamsha hali ya kutoridhika miongoni mwa wananchi, na kukuza uhasama kati ya makundi ya watu. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba kuonyesha kuwa Serikali imekosea, kwa lengo la kurekebisha kosa, si uchochezi. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwamo vya uchochezi, vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Kenya ilikwisha kukifuta kosa hilo katika sheria zake mwaka 1997, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalibatilisha mwaka 2010.

Mfasiri wa vifungu hivyo hukutana na "disaffection" na "discontent". Akiyaandika yote "chuki", amepanua kosa. Chuki ni hisia ya kumtakia mtu mabaya; kutoridhika ni hali ya mkulima wa Mbozi ambaye malipo ya kahawa yake yamechelewa na shule imefunguliwa. Mtu anaweza kutoridhika na serikali anayoipenda, kama mke awezavyo kununa bila kudai talaka. Manung'uniko, kinyongo, uhasama na chuki ni ngazi nne, wala si kuta za chumba kimoja.

Nomino inayoficha

Sarufi inatoa onyo jingine. Kitenzi kuchochea hakikai peke yake, kinadai yambwa. Msikilizaji atauliza: amechochea nini, au amewachochea akina nani, wafanye nini? Lakini nomino uchochezi hutembea bila mashahidi. Kichwa cha habari kisemacho "Akamatwa kwa uchochezi" hakina moto, hakina kuni, hakina waliowashwa, wala kilichoungua. Msomaji hubaki na jina la mtu na harufu ya moshi. Naye kwa mazoea husema kwamba penye moshi hapakosi moto.

Viambishi vya mwisho navyo vina siri yao. Kichocheo ni neno jema la kemia, la biolojia na la uchumi. Waziri husema kuwa barabara mpya ni kichocheo cha biashara, na magazeti huandika bila wasiwasi kwamba reli imechochea maendeleo. Uchocheaji ni tendo tu, halina doa. Doa limebaki kwenye uchochezi na mchochezi. Katika maneno haya lugha imeweka -aji kwa tendo na -zi kwa tabia au kosa, na imefanya vizuri. Kosa ni la anayeruka kutoka "alichochea mjadala" hadi "ni mchochezi" kana kwamba ni hatua moja.

Historia inawaonya wanaoharakisha hatua hiyo. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani mjini Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai, kwa sababu ya makala juu ya maofisa wa serikali ya kikoloni katika Sauti ya TANU. Kosa lilikuwa kashfa, yaani heshima ya watu fulani, si uchochezi dhidi ya dola, na tofauti hiyo iliandikwa mahakamani. Baada ya miaka mitatu tu aliyetozwa faini alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru.

Arusha na Eldoret

Hata hivyo, kuonya dhidi ya matumizi mapana ya neno si kusema kwamba uchochezi haupo. Arusha ndiko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikotoa, Septemba 1998, hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Miongoni mwa makosa aliyotiwa hatiani ni uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari, kosa lililotajwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948. Majaji waliona kwamba maneno hayapimwi kwa kamusi pekee, bali kwa utamaduni na lugha ya waliosikia: je, waliokuwapo waliuelewa mara moja ujumbe uliokusudiwa? Kipimo hicho ni kigumu, na ugumu wake ni wa haki. Kinadai msemaji, hadhira, maana waliyoielewa na tendo lililotakiwa. Nomino tupu haikitoshelezi.

Kenya ilijifunza somo hilo kwa gharama. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, sheria ya mwaka 2008 iliunda Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano na kuweka kosa la matamshi ya chuki. Kitenzi chake cha Kiingereza ni "stir up". Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kuwaambia watu mkutanoni Eldoret waondoe "madoadoa". Neno lenyewe ni la nguo na la ngozi ya chui. Lakini katika Bonde la Ufa lilikuwa limetumika kuwaita watu wa makabila mengine wageni wa kufukuzwa, na Aprili mwaka huo Tume ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Hapo kitenzi kinachofaa ni kutibua: tope la 2007 lilikuwa chini, na kila aliyesikia alijua.

Tunduma, na swali la mkumbo

Mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, unafikika kutoka Mbozi kwa barabara kuu ileile ipitayo malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi. Aprili 2013 ulikumbwa na vurugu zilizotokana na mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa buchani, Mwislamu au Mkristo. Mzozo huo haukuzaliwa Tunduma; ulikuwa umekwisha kuonekana mkoani Geita miezi michache kabla. Anayezisimulia siku zile kwa neno "uchochezi" pekee hupoteza maswali matatu: nani aliyeyafanya mazoea ya zamani yaonekane kuwa dhuluma, nani aliyepeleka maneno kati ya waumini waliokuwa wakila meza moja, na nani aliyeingia barabarani kwa sababu tu jirani yake ameingia? Yaani: aliyetibua, aliyechonganisha, na aliyefuata mkumbo.

Mkumbo unatokana na kukumba, kusukuma au kuzoa vitu kwa pamoja kama mafuriko yazoavyo. Aliyefuata mkumbo ametenda, lakini nguvu ya tendo lake ilitoka kwa wengine. Msemo huu uliingia katika siasa ya juu baada ya Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025. Ghasia zilizuka, watu wakauawa, na mamia ya waliokamatwa, wengi wao vijana, wakafunguliwa mashtaka ya uhaini. Tarehe 14 Novemba, akilihutubia Bunge jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza tume ya uchunguzi na kuvitaka vyombo vya sheria viwaangalie kwa huruma vijana waliofuata mkumbo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, tangazo hilo lina uzito wa pekee. Uhaini, uchochezi na mkumbo si majina matatu ya kitu kimoja kwa viwango tofauti vya ukali. Haini anataka kuipindua dola. Mchochezi anataka wengine watende. Mfuata mkumbo huenda hakutaka kitu kinachotajika. Tena msemo wenyewe una kingo mbili: humpunguzia kijana kosa, na papo hapo humnyang'anya hoja, kana kwamba hakuwa na neno lake mwenyewe la kusema. Kijana aliyetoka nyumbani kwa sababu anazozijua hakufuata mkumbo, hata kama msamaha unakuja kwa jina hilo. Wa kumwita hivyo au kutomwita hivyo ni ushahidi wa kila mmoja peke yake.

Maswali matano ya mfasiri

Kabla ya kuandika kuchochea, ni vema mfasiri, mwalimu au mwandishi wa habari ajiulize yafuatayo. Je, moto ulikuwapo, au uliletwa? Mtenda alikuwa kati ya watu wawili, au yeye mwenyewe ndiye aliyelengwa na hasira? Alisema hadharani, au alinong'ona? Alichosema kilikuwa kweli, au kilizuliwa? Na waliomsikia walitakiwa wafanye nini hasa?

Akijibu hayo, kitenzi kitajitokeza chenyewe: kupekecha, kutibua, kuchokoza, kuchongea, kuchonganisha, kufitini, kuzua, kushawishi, kuhamasisha, au kweli kuchochea. Asipoweza kuyajibu, basi hajui kilichotokea, na neno uchochezi halitamsaidia kukijua. Mpishi wa Mbozi hutazama chini ya chungu kabla ya kusukuma kuni. Anayeshika kalamu ya sheria anadaiwa uangalifu usiopungua huo.